Nyongeza ya gemu imegoma baada ya kuhamia Windows mpya: jua kwanza imekwamia wapi

Nyongeza (mod, yaani mafaili yanayoongezwa kwenye gemu ili kulibadilisha au kulipanua) iliyofanya kazi miaka yote kwenye Windows 7 inahamishiwa kwenye kompyuta yenye Windows 11, na ghafla haisakinishiki. Au inasakinishika lakini gemu haliioni. Au gemu linajifunga kabla menyu haijatokea. Lawama zote huangukia Windows mpya, na ni kweli ina mchango wake, ila si ule unaodhaniwa. Kwa kawaida Windows haijaiharibu nyongeza. Imeinyima ruhusa, au imekosa kijenzi ambacho mtengenezaji alidhani kitakuwepo siku zote. Ruhusa hurudishwa na kijenzi huongezwa. Nyongeza zilizokufa kabisa ni chache, nazo zimeelezwa humu pamoja na sababu yake.

Kinachopoteza muda wa watu ni kurukia tiba kabla ya kujua nyongeza imekwamia hatua ipi: kusakinishwa, kuonekana, kupakiwa, kuendeshwa, au kuhifadhi. Tafuta dalili yako hapa chini. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea zaidi kimetangulia. Majina ya vitufe yameachwa kama yanavyosomeka kwenye Windows ya Kiingereza ili uyapate bila kubahatisha.

Kabla ya kugusa chochote

Endesha gemu tupu, bila nyongeza hata moja. Likigoma likiwa tupu, tatizo si la nyongeza, na kila utakachofanya kwenye nyongeza ni kazi bure. Likifunguka, lianze mchezo mpya, lihifadhi, lifunge, kisha lifungue tena. Gemu la zamani lisilowahi kufunguliwa hata mara moja kwenye kompyuta mpya huwa halijaandika mipangilio yake, na nyongeza nyingi huitegemea mipangilio hiyo.

Halafu nakili pembeni folda mbili: ile ya gemu lenyewe na ile ya michezo uliyohifadhi. Washa uonyeshaji wa viambishi vya majina ya mafaili (kwenye Windows 11: View, Show, File name extensions), kwa sababu faili linaloonekana kama «mipangilio.ini» linaweza kuwa «mipangilio.ini.txt», na gemu halitalisoma kamwe.

Mwisho, badilisha kitu kimoja kwa wakati, ujaribu, ndipo uende kingine. Anayebadilisha vitano kwa mpigo hatajua kipi kimemponya, na kikiharibika tena ataanza upya.

Dalili: kisakinishi hakifunguki kabisa

Ukibofya mara mbili hakuna kinachotokea, au unapata ujumbe «This app can't run on your PC».

Chanzo cha kwanza ni ulinzi wa Windows dhidi ya mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Faili lililopakuliwa hupewa alama ya asili yake, na alama hiyo huweza kurithiwa na mafaili yanayokunjuliwa kutoka kwenye zip. Bofya kulia faili la zip kabla ya kulikunjua, chagua Properties, weka tiki kwenye Unblock, kisha ndipo ulikunjue. Ukikunjua kwanza na kuondoa kizuizi baadaye, itabidi urudie kazi hiyo kwa kila dll (faili la msimbo linaloitwa na programu).

Angalia pia kama programu ya kuzuia virusi imelinyakua faili. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Protection history. Nyongeza zinazoingiza msimbo ndani ya gemu hufanana kitabia na programu hasidi, kwa hiyo kushukiwa kimakosa hutokea. Usilirudishe faili kwa imani tu. Lipakue upya kutoka ukurasa rasmi wa mtengenezaji, na kama ameweka namba ya uhakiki ya SHA-256, ilinganishe kwa kuandika `certutil -hashfile jina.zip SHA256` kwenye Command Prompt. Zikilingana, rudisha faili hilo moja na uliwekee ruhusa ya kipekee. Usizime ulinzi wote wa kompyuta kwa ajili ya gemu.

Kwenye baadhi ya kompyuta zenye Windows 11 kuna pia Smart App Control, inayozuia programu zisizo na sahihi ya kidijitali. Fikiri mara mbili kabla ya kuizima, maana kuna matoleo ya Windows 11 ambayo ukishaizima huwezi kuiwasha tena mpaka usakinishe Windows upya.

Chanzo cha mwisho ni cha nyongeza za miaka ya 1990: kisakinishi chake ni cha biti 16. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 hata kidogo, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Hapa hali ya upatanifu (Compatibility mode) ya Windows 95 haitasaidia, haijalishi umeichagua mara ngapi. Windows inavitambua visakinishi vichache vya aina hiyo, kama baadhi ya vile vya InstallShield 5, na huviendesha kwa injini mbadala ya biti 32. Vingine hukataa kabisa. Mara nyingi gemu lenyewe ni la biti 32 na ni kisakinishi tu kilichopitwa. Kwa hiyo njia ni kuyatoa mafaili bila kisakinishi, kwa programu ya kukunjua mafaili yaliyobanwa, au kuisakinisha nyongeza kwenye mashine pepe (kompyuta inayoigwa ndani ya kompyuta yako) yenye Windows ya zamani kisha kunakili folda iliyopatikana.

Dalili: kisakinishi kinasema gemu halijapatikana

Visakinishi vya zamani havitafuti gemu kwenye diski. Huuliza sajili ya Windows (registry, hazina ya mipangilio ya mfumo): gemu hili liko wapi? Ukiwa umenakili folda ya gemu kutoka kompyuta ya zamani, sajili ya kompyuta mpya haina habari nalo.

Tiba rahisi ni kulifungua gemu mara moja kupitia kizinduzi chake (launcher), kwa sababu magemu mengi hujiandikisha upya hapo. Kwa Oblivion na Skyrim ya kwanza, kizinduzi hurudisha anwani ya folda kwenye sajili. Ikishindikana, sakinisha gemu upya, halafu nyongeza.

Kuna utata mmoja ambao huwachanganya hata wazoefu. Kwenye Windows ya biti 64, programu za biti 32 husoma na kuandika sehemu tofauti ya sajili, chini ya `HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\WOW6432Node`. Mtu akifuata maelekezo ya zamani na kuandika anwani ya Oblivion chini ya `SOFTWARE\Bethesda Softworks`, kisakinishi cha biti 32 hakitaiona. Inatakiwa iwe `SOFTWARE\WOW6432Node\Bethesda Softworks\Oblivion`, kwenye thamani iitwayo Installed Path. Ukilazimika kuingia kwenye regedit, bofya kulia tawi unalotaka kubadilisha, chagua Export, uhifadhi nakala yake kwanza. Kama huna uhakika na unachokifuta, usikifute. Sajili ikiharibika, kinachoharibika ni Windows nzima.

Dalili: imesakinishwa bila kosa, lakini gemu haliioni

Hili ndilo lalamiko linalojirudia kuliko yote.

Anza na lililo rahisi: folda ndani ya folda. Zip ikikunjuliwa na Windows huunda folda yenye jina lake, na mara nyingi ndani yake kuna folda nyingine ya jina lilelile. Gemu linatafuta `Data\nyongeza.esp`, na wewe umeweka `Data\Nyongeza v2\Data\nyongeza.esp`. Kwa The Sims 4 kanuni ni kali zaidi: faili la ts4script halisomwi likizama zaidi ya folda moja ndani ya Mods. Na gemu hilohilo huzima nyongeza zote baada ya sasisho, kwa hiyo nenda kwenye chaguo za gemu, sehemu ya Other, uziwashe tena na ulifungue gemu upya.

Baada ya hapo, mtuhumiwa mkuu ni Program Files. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, programu isiyo na haki za msimamizi hairuhusiwi kuandika ndani ya folda hiyo. Ili programu za zamani za biti 32 zisivunjike, Windows huzipotosha kwa upole: zinadhani zimeandika ndani ya Program Files, kumbe mafaili yamepelekwa kwenye `%LOCALAPPDATA%\VirtualStore\Program Files (x86)`. Programu iliyoyaandika itayaona mafaili hayo kama kwamba yako mahali pake. Programu inayoendeshwa kwa haki za msimamizi haitayaona.

Fuata matokeo yake. Umeendesha kidhibiti cha nyongeza (mod manager) kwa kawaida, kikaandika mipangilio mipya ambayo Windows imeificha VirtualStore. Kisha umeendesha gemu kwa «Run as administrator» kwa sababu mtu alikushauri hivyo. Gemu linasoma folda halisi, ambayo haina mabadiliko yako. Kila upande unaonekana kuwa sahihi ukiutazama peke yake. Bandika anwani hiyo ya VirtualStore kwenye upau wa File Explorer. Ukikuta folda ya gemu lako humo, umeupata ugonjwa.

Tiba ya kudumu ni kulitoa gemu Program Files:

1. Tengeneza folda fupi nje yake, kwa mfano `C:\Magemu`.
2. Kama gemu ni la Steam, usiinakili folda kwa mkono. Ongeza maktaba mpya kupitia Settings, Storage, kisha bofya kulia gemu, Properties, Installed Files, Move install folder.
3. Kama ni la diski au la kisakinishi cha kawaida, liondoe na ulisakinishe upya kwenye folda mpya.
4. Nakili yaliyokuwa VirtualStore kwenda folda mpya, ukilinganisha tarehe za mafaili ili usifute jipya kwa la zamani.
5. Ondoa tiki ya «Run this program as an administrator» kwenye gemu na kwenye kidhibiti. Vyote viwili viwe na haki sawa.

Kuendesha kila kitu kama msimamizi ni tiba inayosambazwa sana, na kweli mara nyingi hufanya kazi. Lakini inaipa kila dll ya kila nyongeza mamlaka juu ya kompyuta yote. Kuhamisha folda kunatibu chanzo, hakukuachi wazi.

Chanzo kingine ni OneDrive. Windows 10 na 11 huweza kuihamisha folda ya Documents kwenda ndani ya OneDrive. Magemu mengi huweka nyongeza chini ya Documents. The Sims 3, kwa mfano, husoma `Documents\Electronic Arts\The Sims 3\Mods`. Unaweza kujikuta na Documents mbili, moja chini ya jina lako na nyingine ndani ya OneDrive, na umeweka nyongeza kwenye ile isiyosomwa. Bofya kulia Documents, Properties, Location, uone ya kweli ni ipi. Na mafaili yenye alama ya wingu hayapo kwenye diski mpaka yaitwe. Bofya kulia folda ya gemu na uchague «Always keep on this device».

Kisha kuna orodha iliyoachwa nyuma. Umehamia kompyuta mpya ukiwa umebeba folda ya gemu kamili, lakini orodha ya nyongeza zilizowashwa haikai humo. Kwa Oblivion iko `%LOCALAPPDATA%\Oblivion\Plugins.txt`. Microsoft Flight Simulator X huorodhesha moduli zake kwenye `%APPDATA%\Microsoft\FSX\dll.xml`, na anwani zilizomo bado zinaelekeza kwenye folda za kompyuta ya zamani. Morrowind, Oblivion na Fallout 3 zina jambo la ziada: mpangilio wa kupakia hufuata tarehe ya mwisho ya kubadilishwa kwa faili. Ukikunjua kila kitu upya, tarehe zinaweza kubadilika na mpangilio ukavurugika bila wewe kugusa chochote. Upange upya kwa kidhibiti cha nyongeza.

Dalili: ujumbe unaotaja dll iliyokosekana, au namba 0xc000007b

Hapa jina la dll lenyewe ndilo jibu.

`d3dx9_43.dll`, au jina lolote linaloanza na d3dx9, ni maktaba za DirectX 9 ambazo Windows 10 na 11 haziji nazo. Kuwa na DirectX 12 hakuzileti. Pakua kifurushi cha DirectX End-User Runtimes cha Juni 2010 kutoka Microsoft. Ukikifungua kitauliza folda ya kukunjulia. Chagua folda tupu, kisha uingie humo uendeshe DXSETUP.exe. Wengi huishia kwenye kukunjua wakidhani wamemaliza. Kifurushi hiki hakiharibu DirectX mpya, kinaongeza yaliyopungua.

`msvcr90.dll` ni ya maktaba za Visual C++ 2008, `msvcp100.dll` au `msvcr100.dll` ni ya 2010, 110 ni 2012, 120 ni 2013, `vcruntime140.dll` ni kifurushi cha kuanzia 2015 na kuendelea. Sakinisha x86 (biti 32) na x64 (biti 64) zote mbili hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu gemu la biti 32 linahitaji x86. Kwa magemu ya Steam, angalia kwanza folda iitwayo _CommonRedist. Huenda visakinishi vyote vimo humo tayari.

Nyongeza au kidhibiti kinachodai .NET 3.5 huridhishwa kupitia «Turn Windows features on or off». Hapohapo, chini ya Legacy Components, kuna DirectPlay, inayohitajika na magemu mengi ya kabla ya 2005.

Namba 0xc000007b kwa kawaida humaanisha biti zimechanganyika: programu ya biti 64 imepewa dll ya biti 32, au kinyume chake. Mara nyingi mtu alipakua dll moja kutoka tovuti ya dll za bure akaitupia ndani ya System32. Usifanye hivyo kamwe. Huna namna ya kujua ndani ya faili hilo kuna nini, na hata likiwa safi, huenda si la toleo linalotakiwa. Kama ulishafanya, liondoe uliloweka kwa mkono, endesha `sfc /scannow` kwenye Command Prompt ya msimamizi, kisha sakinisha vifurushi rasmi.

Dalili: gemu linajifunga likiwa linapakia

Usikisie. Bonyeza Windows na R, andika `eventvwr.msc`, ingia Windows Logs, Application, utafute kosa lenye Event ID 1000 la dakika ileile. Soma mstari wa Faulting module name. Ukitaja dll ya nyongeza, umempata mkosaji. Ukitaja dll ya draiva ya kadi ya picha, anza na draiva. Ukitaja gemu lenyewe na namba 0xc0000005, gemu limegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, na sababu bado ni nyingi. Usisahau pia faili la kumbukumbu (log) la gemu lenyewe: kwa X-Plane ni Log.txt ndani ya folda yake, na nyongeza iliyopakiwa mwisho kabla ya kimya ndiyo ya kuondolewa kwanza.

Chanzo kinachoongoza hapa hakihusiani na Windows hata kidogo: gemu lenyewe limejisasisha. Umenunua kompyuta mpya, umelipakua gemu upya, ukapata toleo jipya, huku nyongeza ikiwa imejengwa kwa toleo la zamani. Skyrim Special Edition ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. SKSE64, kipanuzi ambacho nyongeza nyingi za gemu hilo hukitegemea, huungana na toleo moja mahususi la SkyrimSE.exe: SKSE64 2.0.20 ni ya 1.5.97, 2.2.3 ni ya 1.6.640, na 2.2.6 ni ya 1.6.1170. Bofya kulia faili la exe, Properties, Details, usome File version, halafu utafute nyongeza inayolingana. Na kila nyongeza yenye dll inayotegemea SKSE nayo ilingane.

Pili, dll mbili zinazogombea jina moja. Nyongeza nyingi huingia kwa kujifanya faili la Windows: `d3d9.dll`, `dinput8.dll`, `dsound.dll`. Gemu huanza kulitafuta faili kwenye folda yake, kwa hiyo linalipata la nyongeza kabla ya lile la Windows. Sasa ukiongeza kibadilishi cha picha kama DXVK, nacho huja na d3d9.dll, na cha pili kimefuta cha kwanza. Baadhi ya nyongeza zina mpangilio wa kuita dll ya pili kwa jina jingine. Soma faili lake la ini. Na hali ya upatanifu nayo huweza kuleta kisirani hapa, maana wakati mwingine huifanya Windows ipakie dll yake mapema, na ile ya nyongeza isiguswe. Jaribu kwanza bila hali yoyote ya upatanifu.

Tatu, kumbukumbu. Gemu la biti 32 hutumia GB 2 tu hata kompyuta ikiwa na GB 32, isipokuwa exe yake imewekewa alama ya kuruhusu anwani kubwa, ambapo hupata hadi GB 4 kwenye Windows ya biti 64. Nyongeza za picha kubwa huijaza GB 2 haraka. Dalili yake ni gemu kufunguka vizuri na kuzimika baada ya dakika kadhaa, hasa unapoingia eneo jipya. Kwa Fallout: New Vegas kuna kirekebishi cha GB 4 kinachojulikana vizuri, kwa magemu mengine tafuta kilichoandikiwa gemu hilo.

Ukikosa kabisa, gawanya. Zima nusu ya nyongeza, jaribu. Likifunguka, mkosaji yuko kwenye nusu iliyozimwa; gawanya tena. Nyongeza 64 humalizika kwa majaribio sita.

Skrini ya bluu ni jambo jingine kabisa. Gemu kujifunga ni kosa la programu. Windows nzima kuanguka ni kosa la draiva au la kifaa. Ikijirudia, acha kujaribu. Na ikitokea hata gemu likiwa limefungwa, ipeleke kompyuta kwa fundi apime kumbukumbu, diski na joto.

Dalili: inafanya kazi, lakini kitu kimoja hakiko sawa

Vitu vinaruka hewani vyenyewe, au gari linateleza ajabu. Hapo ni kasi ya fremu. Magemu mengi ya zamani yalifunga fizikia kwenye fremu, na skrini mpya ya 144 Hz inalikimbiza gemu kupita kiasi. Liwekee kikomo cha fremu 60 kwenye paneli ya draiva ya kadi ya picha. Kwa GTA: San Andreas washa Frame Limiter ya gemu lenyewe.

Maandishi madogo sana, au kipanya kisichofika pembeni: Properties, Compatibility, Change high DPI settings, uchague Override. Picha nzito kwenye laptopu yenye kadi mbili: Settings, System, Display, Graphics, ulipangie gemu kadi yenye nguvu. Herufi zilizoharibika, au nyongeza inayokosa faili lake ambalo unaliona kwa macho: angalia kama njia ya folda ina herufi zisizo za kawaida, kama imezidi herufi 260, au kama umewasha chaguo la majaribio la UTF-8 kwenye mipangilio ya lugha ya mfumo. Lizime hilo la mwisho, uwashe kompyuta upya.

Kisha kuna kasoro zinazoonyesha kwa nini sasisho la Windows linaweza kuvunja kitu ambacho halikukigusa. Baada ya Windows 11 toleo la 24H2, wachezaji wa GTA: San Andreas waligundua kuwa ndege ya maji iitwayo Skimmer imetoweka kwenye gemu. Kosa halikuwa la Windows. Mstari wa Skimmer kwenye faili la vehicles.ide ulikosa vipimo vya magurudumu, na gemu halikuwa na thamani ya kuanzia kwa vipimo hivyo. Lilichukua chochote kilichobaki kwenye kumbukumbu ya muda. Kwa karibu miaka ishirini kilichobaki hapo kilikuwa vipimo vya gari lililosomwa kabla yake, kwa hiyo kila kitu kilionekana sawa. 24H2 ilibadilisha namna Windows inavyoitumia kumbukumbu hiyo, mabaki yakawa takataka, ndege ikaharibika. Sasisho la SilentPatch, nyongeza ya kurekebisha kasoro za gemu hilo, limetibu hilo. Somo kwa fundi wa nyongeza ni la moja kwa moja: ukiandika mstari wa data, jaza kila sehemu hata kama gemu linaonekana kuvumilia pengo.

Dalili: mchezo hauhifadhiki, au uliohifadhiwa unatoweka

Rudi kwanza kwenye VirtualStore na OneDrive. Sababu ni zilezile. Cha kuongeza ni Controlled folder access, iliyo chini ya Ransomware protection kwenye Windows Security. Ikiwa imewashwa, programu isiyoaminika hairuhusiwi kuandika ndani ya Documents, na gemu la zamani halijui kukueleza hivyo. Tumia «Allow an app through Controlled folder access» uongeze exe ya gemu, na exe ya kizinduzi cha nyongeza kama ni tofauti.

Dalili: nyongeza ya diski inakataa diski halisi

Hii ndiyo iliyokufa kweli. Nyongeza rasmi nyingi za miaka ya 2000 zililindwa na SafeDisc, mfumo wa kuzuia kunakiliwa kwa diski, iliyotegemea draiva ya secdrv.sys. Draiva hiyo ilikuwa na tundu la usalama lililomwezesha mshambuliaji kupata mamlaka ya juu. Windows 10 ilitoka mwaka 2015 bila kuiunga mkono, na Septemba mwaka huohuo Microsoft ikaizima pia kwenye Vista, 7, 8 na 8.1 kupitia sasisho MS15-097. Usiitafute, usiirudishe, wala usizime Memory integrity (ulinzi wa Windows dhidi ya draiva hatari) ili kuipitisha. Njia salama ni sasisho rasmi la mchapishaji linaloondoa ulinzi wa diski, au toleo la kidijitali linalouzwa bila ulinzi huo.

Mac na Linux kwa ufupi

macOS Catalina ya 2019 iliondoa programu zote za biti 32, na hakuna mpangilio wa kuzirudisha. Kwenye Mac zenye chipu ya Apple, gemu lililojengwa kwa chipu hiyo haliwezi kupakia nyongeza ya Intel ndani yake. Bofya gemu, Get Info, uweke tiki «Open using Rosetta» (kitafsiri cha programu za Intel), vyote viwili viende upande mmoja. Kama macOS inakataa nyongeza kwa sababu mtengenezaji hajathibitishwa, nenda System Settings, Privacy & Security, Open Anyway. Kwa folda nzima yenye vipande vingi, amri ni `xattr -dr com.apple.quarantine` ikifuatiwa na njia ya folda, na itumike kwa nyongeza unayoijua ilikotoka tu.

Kwenye Linux kupitia Proton (zana ya Steam ya kuendesha magemu ya Windows), nyongeza inayoingia kwa dinput8.dll haitapakiwa mpaka uiambie. Kwenye Launch Options za Steam andika `WINEDLLOVERRIDES="dinput8=n,b" %command%`, ukibadilisha jina la dll kulingana na nyongeza. Documents ya gemu iko ndani ya `steamapps/compatdata`, kwenye folda yenye namba ya gemu, chini ya `pfx/drive_c/users/steamuser`.

Ukiomba msaada kwa mtengenezaji

Mpe toleo la Windows kama linavyosomeka kwenye `winver`, File version ya exe ya gemu, toleo la nyongeza, njia kamili ya folda, mstari wa Faulting module name na namba ya kosa, faili la kumbukumbu la gemu, na jibu la swali hili moja: gemu tupu linafunguka au halifunguki? Futa jina lako kwenye njia za folda kabla ya kutuma. Na yeyote atakayekujibu uzime ulinzi wote, uwashe hali ya kupima draiva zisizo na sahihi, au umpe udhibiti wa kompyuta yako kwa mbali ili akusakinishie nyongeza, usimfuate.